Theluji ya Buffalo na Njia ya Jirani

Katika maziwa makuu matano ya Amerika ya Kaskazini, Ziwa Erie ndilo lenye kina kifupi kuliko yote, wastani wa mita 19 tu, na kwa sababu hiyo maji yake hupata joto upesi wakati wa kiangazi na huganda upesi wakati wa baridi. Lakini kabla hayajaganda, hasa katika Novemba na Desemba, hubaki na uvuguvugu wa miezi iliyopita, na upepo mkavu utokao pande za Kanada unapopita juu yake huchukua mvuke na joto, hupanda, hupoa, na kugeuka mawingu mazito ya theluji. Upepo huo ukivuma kwa kufuata urefu wa ziwa, yapata kilomita 388, hupakia shehena yake njia nzima, na nchi kavu ya kwanza kuipokea ni mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, uliojengwa kwenye ncha ya mashariki ya ziwa hilo. Mawingu haya aghalabu hujipanga katika ukanda mwembamba, hata ikawa mtaa mmoja unafukiwa na mtaa mwingine, mwendo wa dakika chache kwa gari, umo katika jua.

Huko ndiko nilikokwenda mwishoni mwa mwaka 2022, kumzuru ndugu yangu mdogo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinialika nami nikiahirisha, mara kwa udhuru wa kazi, mara kwa udhuru wa afya. Niliondoka Tanga kaskazi imekwisha shika na majahazi yameanza kuingia, nikashuka mahali ambapo miti ilikuwa haina jani hata moja na watu walitembea wakiwa wamefunikwa hadi puani. Theluji niliyoijua mimi mpaka siku hiyo ilikuwa ile ya Kibo, inayotazamwa kwa mbali na msafiri aliyefika Moshi alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Theluji isiyomdai mtu kitu.

Ndugu yangu ameweka maskani yake upande wa magharibi wa mji, si mbali na Grant Street, katika mtaa wa watu waliohama makwao: Waburma, Wasomali, Wakongo, Warundi, wengi wao waliofika kama wakimbizi wakazikuta nyumba za mbao zimechakaa, wakazipiga rangi na kuzitia uhai. Mke wake ni mtu wa Bujumbura. Katika duka moja la hapo, linalouza unga wa muhogo, dagaa na mafuta ya mawese, nilisikia kwa saa moja Kiswahili cha Kivu, Kiswahili cha Burundi na Kiswahili cha vijana waliozaliwa katika kambi za Kigoma, vyote vikielewana bila taabu. Nyumba hizo zina ghorofa moja juu, zimesogeleana sana ubavu kwa ubavu, na kila moja ina baraza mbele, jambo lililonifurahisha, ingawa wakati huo wa mwaka hapana akaaye barazani.

Nilipofika, watu walikuwa bado wanazungumzia theluji ya Novemba, iliyoshuka siku chache kabla ya sikukuu yao ya Shukrani na kukifukia kitongoji cha Orchard Park, kusini mwa mji, kwa inchi 80, ambazo ni mita mbili kamili na zaidi kidogo. Timu yao ya mpira wa Kimarekani, ambayo uwanja wake uko hapo hapo, ilibidi ikacheze Detroit. Wazee wao nao walikumbusha tufani ya Januari 1977, ambayo ajabu yake ni kwamba sehemu kubwa ya theluji yake haikutoka mbinguni siku ile: ziwa lilikuwa limekwisha kuganda tangu Desemba, theluji ya majuma mengi imelala juu ya barafu, ndipo upepo ukaja ukaizoa yote na kuimwaga mjini. Niliyasikiliza masimulizi hayo kwa adabu, nikaona kuwa ndugu yangu hayasikilizi kwa adabu tu, bali anatenda: alinunua maji, mchele, maharage, tochi na chumvi ya kumwaga njiani, akaweka sepetu mbili nyuma ya mlango, ndani ya nyumba na si bandani, kwani aliyeweka sepetu bandani atahitaji sepetu nyingine ya kumfikisha bandani.

Tufani yenyewe sitaisimulia kwa urefu, kwa kuwa aliyefungiwa ndani hana aonalo. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 23 Desemba, mvua ilikuwa ikinyesha. Kisha baridi ilishuka kwa ghafula ambayo sijapata kuiona, matone yakageuka barafu yakiwa bado kiooni, na kabla ya adhuhuri hatukuweza kuiona nyumba iliyotukabili. Upepo ulipita kasi ya kilomita 110 kwa saa. Katika uwanja wa ndege hali hiyo ya upofu ilidumu saa 37, na theluji iliyopimwa hapo mpaka Jumanne ilifika sentimita 130 na zaidi. Amri ya kukataza magari barabarani ilianza saa 3:30 asubuhi ya Ijumaa hiyo, wakati ambapo watu wengi walikuwa wamekwisha kwenda kazini, kwa maana mtu wa kibarua asipofika halipwi; na baadhi ya hao walioambiwa wasitoke walikuwa wamekwisha kutoka, wakakwama njiani, na hawakurudi tena kwao. Jambo hili nalisema mapema kwa sababu kila nilichokiona baadaye nilikiona nikiwa na watu hao moyoni.

Upepo ulipopungua kiasi cha mtu kuweza kusimama nje, kazi ikaanza, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa kuchimbua nyumba kuna utaratibu wake, na kwamba utaratibu huo haujali haraka ya mwenye nyumba. Jambo la kwanza si mlango, wala si gari, bali ni bomba la tanuru. Nyumba za huko hupashwa joto na tanuru ya gesi iliyowekwa chumba cha chini, na tanuru za siku hizi hazitoi moshi juu ya paa bali kwa bomba jeupe la plastiki lichomozalo ubavuni mwa nyumba, karibu na ardhi. Theluji ikiliziba, tanuru hujizima na nyumba huanza kupoa. Au, ikiwa ina hitilafu, hewa ya kaboni monoksaidi hurudi ndani, nayo haina rangi wala harufu, na humkuta mtu amelala ikamwacha hivyo hivyo. Mlango wetu wa nje, ambao hufunguliwa kwa kuusukuma, ulikuwa umeegemewa na theluji kupita kitasa, basi ndugu yangu akatoka kwa dirisha la sebule, akazama hadi kiunoni, akaenda kwa kuogelea zaidi ya kutembea mpaka mahali alipokuwa amechomeka fimbo yenye kitambaa chekundu mwezi Novemba, ili ajue bomba lilipo hata kama ukuta wote umefunikwa. Alichimba kwa sepetu mpaka alipokadiria kuwa amekaribia, kisha akaiweka kando na kuendelea kwa mikono, asije akalivunja. Nilimtazama kutoka dirishani. Mvuke ulitoka kwanza mwembamba, kisha ukaja kwa nguvu, na lile shimo aliloliacha likaanza kujipanua kwa joto lake lenyewe, theluji ya pembeni ikigeuka maji na maji yakigeuka barafu hatua mbili mbele.

Mlango ulikuwa wa pili. Theluji iliyokuwa hapo haikufanana na ile laini niliyokuwa nimeona ikidondoka siku zilizotangulia, ambayo mtoto angeweza kuifagia kwa ufagio; upepo ulikuwa umeipiga mpaka chembe zake zikavunjika na kushikamana, ikawa ngumu kama chumvi iliyolala ghalani masika mazima, na sepetu haikuingia kwa kusukumwa bali kwa kukata. Sepetu pana ya plastiki, ambayo ndiyo wengi huinunua, haikufaa kitu. Iliyofaa ni ile ya chuma ya bustani, nyembamba na nzito, ya kukatia matofali meupe yenye ncha kali ambayo mwingine aliyapokea na kuyatupa.

Mtoto wa ndugu yangu, kijana aliyezaliwa huko na ambaye Kiswahili chake ni cha mezani na mama na baba, alinitazama nikikata na kuinua, akanizuia kwa heshima.

"Baba mkubwa, usiinue kwa kiuno. Piga magoti kidogo. Ukiweza kusukuma, sukuma. Kuinua ni mwisho."

"Na hapa pa kutupa, nitupe wapi?"

"Upande ule unakokwenda upepo. Ukitupa huku, itarudi yote."

Swali langu, kumbe, ndilo swali zito la kazi hiyo nzima. Kuitoa theluji ni nguvu tu. Mahali pa kuiweka ni akili na ujirani. Haitupwi barabarani, kwa kuwa barabara nayo itahitajiwa na gari la wagonjwa. Haitupwi kwenye baraza la jirani. Haiwekwi juu ya njia uliyoichimba jana. Na kadiri unavyoirundika kando ndivyo kuta zinavyoinuka, mpaka inabidi kila sepetu irushwe juu zaidi ya ile iliyotangulia, wakati mikono nayo inazidi kuchoka. Kabla ya alasiri tulikuwa tumo ndani ya handaki lenye kuta zilizonipita kimo, upana wake mabega ya mtu mmoja, na nilipotazama juu niliona ukanda wa mbingu ya samawati safi kabisa, maana tufani ilipokwisha ilikwisha kweli.

Kila baada ya muda mfupi shemeji alitugongea kioo na kutuamuru tuingie tunywe chai ya tangawizi, na ndugu yangu, ambaye si mtu wa kupenda kukatizwa kazi, alitii mara zote. Sababu yake ni ya kweli. Baridi hukaza mishipa ya damu, kazi ya kuinua huongeza mapigo ya moyo, na mtu anapojikaza kurusha mzigo huzuia pumzi bila kujua. Mambo hayo matatu yakikutana katika kifua cha mtu mwenye umri, moyo husimama. Katika orodha ya waliofariki kwa tufani ile wamo waliokufa sepetu ikiwa mkononi, mbele ya milango yao wenyewe. Kwa hiyo tulifanya zamu, na mimi, kwa umri wangu, nilipewa zamu fupi, nami sikubishana.

Njia yetu ilipofika mahali ambapo kwa kawaida pana ukingo wa barabara, nilidhani sasa tutaligeukia gari, ambalo halikuonekana isipokuwa ncha ya waya wa redio. Ndugu yangu aligeuka kushoto. Nyumba ya kushoto ni ya mama mmoja wa Uvira, mjane, aliyelelewa ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika na kupitia kambini kabla ya kuja Marekani, na ambaye anakaa peke yake tangu binti yake alipohamia mji mwingine kwa ajili ya kazi. Umeme wa upande wake ulikuwa umekatika tangu Ijumaa usiku, kwani baadhi ya vituo vya kugawa umeme vilijaa theluji na kuganda, na mafundi hawakuweza kuvifikia; na tanuru ya gesi, pasipo umeme wa kuzungusha feni yake, haifanyi kazi. Simu yake ilikuwa imezimika. Tulichimba kumwendea kwa muda mrefu kuliko tuliochimba kutoka mlangoni kwetu, kwa sababu theluji iliyosukumwa na upepo ilikuwa imekwama kati ya nyumba mbili na kupanda mpaka dirisha la juu, na katika mchimbo huo hapana aliyesema neno. Kijana alikuwa mbele. Alipogonga, jibu halikuja mara moja, akagonga tena.

Mlango ulifunguliwa kwa ndani. Mama alikuwa amevaa makoti mawili na kitenge juu yake, na kilemba juu ya kofia ya sufu. Jikoni alikuwa amewasha jiko la gesi kwa kiberiti, akafungua kidirisha kidogo cha juu ili hewa ipite, akakaa hapo siku zote hizo akisali.

"Aksanti, papa," alimwambia ndugu yangu. "Nilisikia mupiga, nikajua ni ninyi. Nilisema, hawa hawatanisahau."

Tulimchukua kwetu kwa njia ile tuliyoichimba, mmoja mbele na mmoja nyuma, akakaa nasi mpaka umeme uliporudi. Na usiku huo shemeji yangu na yeye walizungumza mpaka saa za usiku mwingi juu ya Uvira na Bujumbura, miji inayotazamana, ambayo mwenye macho mazuri akisimama pwani ya mmoja huona taa za mwingine.

Kesho yake kijana alituongoza kutafuta bomba la zimamoto la mtaa. Ninaamini ingalikuwa jambo la kawaida kulisahau, kwa kuwa si la mtu yeyote, tena lilikuwa limezikwa chini kabisa. Lakini nyumba zote za hapo ni za mbao, zimekaribiana, na watu waliokosa umeme walikuwa wakijipasha joto kwa mishumaa na majiko. Jumamosi ya tufani gavana wa jimbo alisema kwamba karibu magari yote ya zimamoto ya mji yamekwama. Kama yangeweza kufika, yangefika wapi bila maji? Majirani watano au sita, ambao baadhi yao hatukuwa na lugha moja isipokuwa ya mikono, tulichimba pale mpaka chuma chekundu kikaonekana, tukakizungushia nafasi ya mtu kusimama na kufungua. Chumvi tuliyokuwa nayo hatukuimwaga, maana baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 au 10 za chini ya sifuri chumvi ya kawaida haiyeyushi barafu; badala yake tulimwaga mchanga.

Habari za mitaa mingine zilitufikia kwa simu na kwa redio, na nyingi zilikuwa za huzuni, lakini zilikuwamo za ihsani ambazo ningetaka zisomwe kwetu. Katika Fillmore Avenue, upande wa mashariki wa mji, kinyozi mmoja alifungua duka lake na kuwalaza watu waliokwama, wengine kwa siku zaidi ya moja. Huko Cheektowaga mtu mmoja, ambaye gari lake lilikwama, alivunja dirisha la shule akawaingiza ndani wageni zaidi ya 20 waliokuwa wakifa kwa baridi magarini, akaacha barua ya kuomba radhi kwa uharibifu. Na huko Williamsville watalii 9 kutoka Korea ya Kusini, waliokuwa wakienda kuyaona maporomoko ya Niagara pamoja na dereva wao, walikwama mbele ya nyumba ya mtu wasiyemjua, wakamgongea kuomba sepetu ya kujichimbulia. Mwenye nyumba hakuwapa sepetu. Aliwakaribisha ndani, yeye na mkewe, wakala pamoja na kulala chini ya paa moja mwisho huo wote wa juma. Msafiri ninayeandika haya, aliyekuwa ugenini katika baridi ile ile, aliisikia habari hiyo ya mwisho kwa namna yake.

Siku ya Jumatano tingatinga lilifika mtaani kwetu. Katika theluji ya kawaida magari yenye sahani ya chuma husukuma theluji kando na kupita. Lakini theluji ikizidi kimo fulani haina pa kusukumiwa, na katika njia nyembamba za mji ule, zenye magari yaliyofukiwa pande zote mbili, hapakuwa na budi kuichota kwa ndoo ya tingatinga, kuipakia katika malori na kuipeleka mahali pa kuimwaga. Kazi hiyo ni ya polepole, na mimi sikuona wakati wowote wafanyakazi wakiizembea. Niliwaona wamesinzia ndani ya vibanda vyao kwa dakika chache, injini zikiunguruma, kisha wakaendelea. Lakini barabara kubwa zilifunguliwa kwanza, na njia ndogo za watu wasio na gari la akiba, wasio na ghala la chakula, wasio na ruhusa ya kukosa kazini, zilifunguliwa mwisho. Katika wilaya ya Erie, ambamo mji huo umo, tufani iliua watu 47. Wengi wa waliofia ndani ya mji wenyewe walikuwa Wamarekani Weusi. Theluji ilishuka juu ya wote kwa kipimo kimoja, lakini haikuwakuta wote katika nyumba za namna moja, wala katika mishahara ya namna moja, na yeyote atakayeandika habari za tufani ile akataja inchi tu bila kutaja jambo hilo, amepima kitu kisichokuwa kikubwa zaidi.

Amri ya kuzuia magari mjini iliondolewa usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 29, na baada ya hapo joto lilipanda kwa namna iliyonishangaza kama baridi ilivyonishangaza, likapita nyuzi 10, kuta tulizozijenga zikaanza kuanguka, na wasiwasi wa watu ukahamia kwenye vyumba vya chini na maji yaliyokuwa yakiviingia. Gari la ndugu yangu lilijitokeza lenyewe, bila ya kuchimbwa na mtu.

Kabla sijaondoka, watu wa nyumba zile tano au sita walikutana sebuleni kwetu, mama wa Uvira akiwa amepika sombe na samaki. Walikubaliana kwamba bomba la zimamoto litakuwa la zamu, nyumba moja kwa juma moja, mpaka Machi; kwamba kila nyumba itachomeka fimbo yenye kitambaa penye bomba lake la tanuru; na kwamba upepo ukitulia, kila mmoja atachimba kwanza kuelekea kwa jirani wa kushoto, ili asibaki mtu aliyechimba kwenda kwa wote na mwingine asiyefikiwa na yeyote. Jambo moja tu lilijadiliwa kwa muda, nalo ni nani atakayekuwa jirani wa kushoto wa nyumba ya mwisho, iliyo pembeni mwa njia, ambayo kushoto kwake hapana nyumba. Kijana alisema ataichukua yeye.